Naomba ushauri: kumbukumbu ya mama, mwalimu wa watoto viziwi

Hamjambo ndugu zangu. Mwezi ujao tunafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mama atutoke, nyumbani Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Alifundisha watoto viziwi karibu maisha yake yote ya kazi. Hata sisi wanawe tulijua kuomba uji kwa mikono kabla ya kujua kusoma. Ukikosea ishara, hupewi. Alikuwa mkali, tusidanganyane.

Sasa wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye familia zao, wanataka kuja na kusema neno. Baba mdogo tayari amelipia spika kubwa na kwaya, na kwenye ratiba amewapa dakika tano, bila mkalimani. Nikimwambia Katiba ya 2010 inaitambua Lugha ya Alama ya Kenya hata bungeni, ananijibu hapa si bungeni.

Je, mkalimani mmoja atatosha ibada ndefu, au huwa wanapokezana? Asimame wapi chini ya tenti ili aonekane? Na zile kadi za picha alizochora mama kwa mkono, sanduku zima, nizipeleke shuleni au niwagawie hao wanafunzi wake? Dada yangu hataki zitoke nyumbani. Mimi kila nikizifungua nakwama kwenye kadi ya “mama”.