Wakuu naombeni ushauri: kliniki ya mifugo chumba kimoja, tunajikingaje na korona bila kufunga?

DaktaWaKuku: Habari zenu wakuu. Niko Moshi, nina kakliniki ka mifugo chumba kimoja na stoo, tuko watatu, mimi, kijana msaidizi na dada anayeuza dawa. Tangu korona itangazwe hapo Arusha mwezi wa tatu mwaka huu wa 2020 sina amani, na shida sio wanyama ni wenye wanyama. Mbwa mmoja analetwa na watu wanne, mwenyewe, mtoto wake, shamba boi ambaye ndo pekee anaweza kumshika, na jirani kaja tu kuona sindano. Akishapanda mezani wote tunainama vichwa vinagusana. Jana mama kaleta kuku wawili wamekufa nimpasulie nione kama ni kideri (Newcastle, ule ugonjwa wa kuku), anakohoa hana barakoa, namwambia anasema dokta hili vumbi tu. Ndoo ya maji na sabuni ipo mlangoni, ila boksi la glavu limepanda bei mpaka naogopa kuuliza. Wenzangu mnafanyaje?

Mzee_wa_Kiboriloni: Funga mkuu, uhai kwanza.

BibiNyau: Afunge halafu mtoto aking'atwa na mbwa mwenye kichaa umpeleke kwako? Chanjo haisubiri korona. Halafu dokta, mimi majirani wananiambia nimtupe paka wangu eti ataniletea ugonjwa, ni kweli?

Vet_Iringa: @BibiNyau usimtupe. Yule simbamarara wa zoo ya Bronx kule New York waliyemtangaza tarehe 5 mwezi huu wa nne kuwa ana korona, inaaminika kaambukizwa na mhudumu wake, yaani binadamu ndo kampa mnyama. Ukijisikia unaumwa mwachie mtu mwingine amlishe, basi. Na usimpake sanitaiza wala jiki, paka anajilamba huyo.

Mkuu DaktaWaKuku, mimi nimetoa benchi nje chini ya mwembe na hakuna mteja anayevuka mlango. Anapiga simu kwanza, maelezo yote nayachukua kwenye simu, amekula nini, kaharisha lini, amechanjwa au la. Akifika, kijana anatoka na kamba yetu, mbwa mkali tunamfunga mdomo kwa bandeji huko huko nje mwenyewe akiwepo, ndo anaingia. Paka waje kwenye kikapu au kiroba kilichofungwa, sio mkononi. Hela kwa simu. Sindano za chanjo nachomea nje kabisa, hewa ya bure. Kuhasi nimesimamisha kwanza, glavu nabakizia vidonda na mbwa waliokwama kuzaa. Na kuku waliokufa wabaki kwenye mfuko, apige simu kesho kwa majibu, asisimame pale kukuangalia.

Kingine ambacho wengi hatufikirii: msikae wote watatu siku moja. Mmoja akiugua mnafungiwa wote.

Mama_Ng'ombe: Jiki mnachanganyaje? Mimi namwaga tu mpaka inuke.

Vet_Iringa: Hapana mama, utakohoa wewe kabla ya korona. Jiki ya 3.5% weka vijiko viwili vikubwa, kama mililita 30, kwenye lita moja ya maji. Osha meza na sabuni kwanza maana damu na manyoya vinaiua nguvu, halafu paka jiki, acha dakika 10, suuza, ikauke ndo upandishe mnyama mwingine. Changanya mpya kila siku, na usiiweke pamoja na spiriti.

DaktaWaKuku: Nimerudi wakuu, leo ni siku ya tatu. Benchi liko nje na watu wamelalamika kidogo ila wamezoea, tena kazi inaenda haraka kuliko zamani, shamba boi na jirani hawapo tena! Aliyenishinda ni mzee mmoja, mbwa wake asipomuona analia jengo zima, ikabidi nifungue dirisha asimame hapo nje anamuongelesha kwa Kichagga huku mimi nashona. Ila nina swali, kamba ya mbwa niiloweke kwenye jiki?

Vet_Iringa: Kama ni ya ngozi sabuni tu, jiki itaila mpaka ikatike mkononi mbwa akimbilie sokoni. Nunua za katani, uwe nazo tatu.

BibiNyau: Mbwa kaponaje lakini?

DaktaWaKuku: Nyuzi 7 mguuni bibi. Kaondoka anatikisa mkia.