Idara ya fizikia chuo kidogo: wahadhiri wanawake tuwapateje, na wabaki?

Mbezi_Maabara: Wakuu, habari za leo. Chuo kishiriki hapa Dar kinajaza nafasi mbili za fizikia. Idara ina watu 9, mwanamke ni mmoja. Tangazo likitoka, karibu maombi yote ni ya wanaume, hata tukiandika "wanawake wanahimizwa kuomba". Tufanyeje bila kushusha vigezo?

Karatasi_ya_Alama: Mkuu, sentensi hiyo peke yake haimvuti mtu. Tazameni sifa mlizoandika. Ukidai uzamili wa fizikia ya nyuklia kwa mtu atakayefundisha mekanika mwaka wa kwanza, umeshawafungia mlango wengi wanaofaa. Andikeni kozi zenyewe, kisha "tawi lolote la fizikia". Miezi miwili kabla ya tangazo, waandikieni wakuu wa idara Dodoma, Sokoine na Nelson Mandela kule Arusha, muulize ni akina nani wanamaliza uzamili.

Karatasi ya alama ikubaliwe kabla faili hata moja halijafunguliwa: mfano, somo la majaribio (kufundisha mbele ya wasaili) 40, maabara 30, utafiti 30. Kila msaili ajaze peke yake na kukabidhi, ndipo mjadala uanze. Mkitanguliza mjadala, profesa akishasema, wengine huandika alama zake. Maswali ya mume na watoto yasiwepo kabisa.

Hesabu_ya_GPA: Pia wakuzeni wa kwenu. Matangazo mengi ya mkufunzi msaidizi (ngazi ya kwanza ya ualimu wa chuo) yanataka GPA, yaani wastani wa alama za shahada, ya 3.8 kati ya 5. Msichana aliyemaliza mwaka wa pili na 3.6 anahitaji 4.2 mwaka wa tatu, ikiwa uzito wa kozi ni ule ule kila mwaka. Inawezekana, lakini si kwa kumkumbuka siku ya mahafali! Pitieni matokeo tangu mwaka wa kwanza.

Mama_Ratiba: Mbona mnazungumzia kuajiri tu? Kubaki ndiko kugumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mzazi siku 84 za likizo, 100 akizaa zaidi ya mmoja, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Muhula wa wiki 15 ni siku 105. Akijifungua wiki ya pili, anarudi muhula unaisha, kozi zake zimegawiwa, anabebeshwa usahihishaji wa wenzake. Muhula huo asipangiwe kozi, na fedha ya mhadhiri wa muda iingie kwenye bajeti mapema. Maabara ya mionzi aondolewe mara tu anapotoa taarifa ya ujauzito.

Halafu kamati. Chuo kikisema kila kamati iwe na mwanamke, huyo mmoja atakaa zote. Makala ataandika saa ngapi? Na bila makala hapandi cheo. Kwake ziwe mbili, mwisho; kwingine azimeni wajumbe kemia na biolojia.

Mbezi_Maabara: Asante sana Mama, la kamati tulikuwa hatulioni. Nafasi mbili tuzitangaze pamoja?

Karatasi_ya_Alama: Pamoja, mkuu. Mkiajiri mmoja mmoja, kila mara mtamchukua anayefanana na waliopo. Mkichagua wawili kwa mpigo, kamati italazimika kuangalia huyu ana nini ambacho yule hana.