Naomba ushauri: kusajili pikipiki ya saidika kutoka nje

Wakuu habari zenu, nimeingiza pikipiki aina ya Ural yenye saidika, kile kigari cha abiria cha pembeni, ushuru nishalipa na risiti ninazo ila usajili umenikwamia. Karatasi za ilikotoka zinasema pikipiki tu, saidika haijatajwa popote, mkaguzi naye kahesabu matairi matatu akasema hilo ni kundi lingine. Halafu namba ya chesisi pale shingoni mwa fremu imefunikwa na rangi, herufi moja sijui ni 8 au B, naogopa kukwangua wasije wakasema nimeichezea. Nifungue saidika niisajili pikipiki peke yake kwanza kisha niombe mabadiliko, au niipeleke hivihivi? Njia za panya sitaki kabisa, mama ndo atakaa humo, nataka bima imtambue. Aliyewahi kupitia hili anisaidie jamani.