Varnish, Nginx au mod_cache: niweke ipi mbele ya Apache?

Mtundu_Moro: Wakuu, tovuti yetu ya habari inaelemewa. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Apache, seva yetu ya wavuti, inaganda kabisa. Nataka kache mbele yake, yaani kitu cha kutunza nakala za kurasa na kuzitoa bila kuisumbua, kabla ya matokeo yajayo. Nichukue ipi: Varnish, Nginx au mod_cache ya Apache yenyewe?

fundi_waya: Mkuu, RAM kiasi gani? WordPress au nini? Wasomaji wanaingia kwa akaunti? Tutakujibuje hivi hivi?

Jabali254: Varnish tu. Ilianza 2006 kwa ajili ya gazeti la Verdens Gang la Norway. Kazi yako ndiyo hiyo hiyo.

BintiSeva: Varnish tuliyoizoea haishughulikii HTTPS (mawasiliano yaliyosimbwa) yenyewe, utaweka Hitch au Nginx mbele ifanye kazi hiyo. Sasa kama Nginx ipo tayari, si iachie na kache?

Mtundu_Moro: RAM GB 2, WordPress. Akaunti ni za waandishi tu.

fundi_waya: Nginx, ila kuwa makini na kuki, zile data ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari kumtambua mtu. Niliitwa kunusuru duka la mtandaoni. Jibu lenye Set-Cookie, yaani linalompa mtu kuki, Nginx hailiweki kwenye kache. Fundi aliyenitangulia akaona usumbufu, akaandika `proxy_ignore_headers Set-Cookie` ili Nginx ilipuuze hilo. Tovuti ikapaa, akalipwa, akaondoka. Jioni mteja anafungua kikapu chake, anakuta viatu vya mtu mwingine, na jina na namba ya simu juu. Simu zilimiminika! Tukafuta kache yote, tukaweka `proxy_cache_bypass` na `proxy_no_cache` kwa kila mwenye kuki ya kuingia, asipewe nakala ya kache wala ukurasa wake usitunzwe. Kwako wewe ni ile inayoanza na `wordpress_logged_in`.

Jabali254: Varnish ikiona kuki kwenye ombi inalipitisha moja kwa moja bila kugusa kache. Salama.

BintiSeva: Na ndiyo maana wengi wanaiweka wasione tofauti. Kuki ya `_ga` ya takwimu za Google inakuja na kila ombi, usipoiondoa kwenye VCL, lugha ya mipangilio ya Varnish, umefanya kazi bure. Kwa GB 2 bora Nginx: kurasa zinakaa kwenye diski. Washa `proxy_cache_use_stale updating`. Ukurasa ukipitwa na muda, ombi moja linaenda Apache, wengine wanapewa nakala ya zamani.

mzee_wa_nyaya: Kwani Apache ya nini? Hamia Nginx na PHP-FPM (ndiyo itakayoendesha PHP ya WordPress), utumie `fastcgi_cache`, kache ya Nginx kwa mpango huo.

Jabali254: Na .htaccess zake, faili za kanuni za Apache?

mzee_wa_nyaya: Ziandikwe upya. Sisi tulihama hivyo hivyo.

Mtundu_Moro: Zipo nyingi, siwezi sasa. Habari ikisahihishwa, ukurasa mmoja naufutaje?

Jabali254: Varnish, ukishaandika kanuni yake kwenye VCL, unatuma PURGE tu, ombi la kufuta ukurasa huo.

fundi_waya: Nginx futa faili lake. Jina ni MD5 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa) ya ufunguo wa kache. Tuwekee hapa `proxy_cache_key` yako, mstari unaopanga ufunguo huo.