Maiki ya kondensa ya mtumba inakata masikio kwenye "s": niifungue au niiuze?

Mwana wa Makorora
Habari zenu wakuu. Narekodi kaswida hapa Tanga, chumbani kwangu, magodoro mawili yameegemezwa ukutani. Mwaka jana nilinunua maiki ya kondensa ya mtumba kwa shilingi 150,000, ya Kichina, ya miaka ya 2000 mwanzoni, zile nzito zenye kapsuli kubwa (kile kichwa cha ndani kinachonasa sauti). Sauti nzito za kiume zinakaa vizuri mno. Lakini kuna binti mmoja mwenye sauti nyembamba, akifika kwenye "salamu" au "shafaa", s na sh zinakata kama wembe. Nimeshusha ikwaliza (kirekebisha sauti) kuanzia kilohezi 8 kwenda juu, hadi anasikika kama anaimba ndani ya blanketi. Na tangu masika ianze, maiki inachakacha ovyo, kama chumvi iliyoangukia mafuta ya moto. Nimeambiwa nibadili kapsuli. Nina solda na mita, na mkono wangu hautetemeki. Nianzie wapi?

Fundi Solda
Mkuu, usiiuze, na kapsuli usinunue bado. Hayo ni maradhi mawili. Tibu la mvua kwanza.

Mchakacho huo karibu hakika ni unyevu. Pale kapsuli inapokutana na transista ya FET, ile inayopokea sauti hafifu ya kapsuli, kuna rezista ya kama gigaomu 1. Kwa ukinzani mkubwa hivyo, alama ya kidole tu au masalia ya flaksi (dawa ya kulehemu) yakinyonya unyevu, umeme unapata njia ya panya. Zima volti 48 zinazoilisha maiki, chomoa, subiri dakika kadhaa, ndipo ufungue. Sugua eneo hilo kwa brashi laini na pombe ya isopropili ya asilimia 99, iache ikauke kabisa. Utando wa kapsuli usiuguse! Ni plastiki ya mikroni chache iliyopakwa dhahabu. Hata kuupuliza usiupulize, maana pumzi ina maji. Baadaye ihifadhi kwenye kopo linalobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Mchele hapana, una vumbi.

Sasa s. Kapsuli nyingi za maiki hizo ziliiga K67, kapsuli ya kampuni ya Kijerumani Neumann, iliyotoka na maiki yao ya U 67 mwaka 1960. Kapsuli ile inapandisha sauti za juu kwa maumbile yake, na Neumann wakaunda sakiti ya kuzishusha. Walioiga walichukua kapsuli, wakaiunga kwenye sakiti ya mtindo wa Schoeps, kampuni nyingine ya maiki, ambayo haishushi chochote. Kwa hiyo kapsuli yako haina ubaya, imeozwa sakiti isiyo yake.

Dawa ya bei ndogo: kapasita ya filamu kati ya dreni na sosi, miguu miwili ya ile FET. Anza na nanofaradi 10, rekodi binti yuleyule, mstari uleule, kisha jaribu 22. Isipotosha, ndipo utafute kapsuli ya mtindo wa K47, nyingine ya Neumann, ambayo sauti zake za juu zimetulia zaidi.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Mwanangu, kabla ya solda, iinue maiki ifike usawa wa paji la uso wa binti, igeuze kidogo isimtazame mdomoni, naye asogee nyuma shubiri moja na nusu. Mimi huku Unguja s nyingi nimeziponya kwa stendi tu. Na wengine mnaotafuta za mtumba: msilipe kabla ya kuvaa hedifoni na kuusikiliza ukimya dakika nzima. Pia imulikeni maiki kwa tochi kupitia wavu, utando uliokunjamana unaonekana.

Mwana wa Makorora
Fundi, Bi Mkubwa, shukrani sana. Chini ya ile rezista nilikuta flaksi ya njano, imeganda kama asali. Nimeisafisha, na usiku wa tatu huu mvua inanyesha, maiki kimya. Kugeuza stendi kulipunguza makali kama nusu. Kapasita ya 10 sikuisikia sana, ya 22 imekaa. "Shafaa" inatoka laini, na ikwaliza nimeizima.