Naomba msaada: kushona kwilti ya vitenge kwa cherehani ya kukanyaga, tabaka zinakunjana

Mshonaji_Arusha aliandika:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Nina duka dogo la ushonaji hapa Arusha, na mabaki ya vitenge yanayobaki baada ya kukata magauni na mashati huwa nayahifadhi kwenye viroba. Sasa mteja mmoja ameniomba nimshonee kwilti ya kitanda cha futi sita kwa sita, yaani lile shuka nene la tabaka tatu: juu vipande vya vitenge vilivyounganishwa, katikati kitu cha kuleta joto, na chini bitana. Kuunganisha vipande hakukunipa taabu yoyote. Taabu imeanza nilipoziweka tabaka tatu pamoja na kuanza kupitisha mishono ya kuzishika.

Kitambaa cha juu kinasukumwa kuelekea mbele, hata nikifika ukingoni kinakuwa kimezidi bitana kwa upana wa vidole viwili hivi. Nikigeuza upande wa chini, nakuta bitana imejikunja mikunjo midogo midogo, hasa pale mshono mmoja unapokatiza mwingine. Uzi wa juu unakatika mara kwa mara, na chini vinatokea vitanzi vilivyolegea ambavyo ukivivuta vinafumuka. Natumia cherehani nyeusi ya kukanyaga, uzi wa poliesta wa koni tunaoutumia sote, na katikati nimetandaza dakroni ileile ya kujazia mito.

Ninaomba wenye uzoefu wanieleze ni vifaa gani ambavyo kazi hii haiwezi kufanyika bila kuwa navyo, kama cherehani yangu inaifaa, na tabaka la katikati nilipate wapi kwa hapa kwetu. Mteja hana haraka, lakini kazi nataka niitoe ikiwa safi.

Fundi_Mitambo aliandika:

Dada, nitajibu upande wa cherehani kwa sababu ndiyo kazi yangu, nao wanaojua kwilti watakujibu mengine.

Cherehani hiyo inaifaa kazi, tena inaifaa kuliko nyingi za plastiki zinazouzwa sasa. Cherehani nyingi nyeusi za kukanyaga zilizoko Afrika Mashariki zimefuata muundo wa Singer wa daraja la 15: mwili wake ni wa chuma cha kusubu, na sindano inatoboa tabaka nene bila kuyumba. Kukanyaga nako kuna faida yake, kwa maana unaweza kwenda pole kabisa, mshono kwa mshono, jambo ambalo mota nyingi za bei nafuu haziwezi.

Sasa tuje kwenye kusukumwa kwa kitambaa. Meno ya cherehani yako chini, nayo yanavuta bitana tu. Mguu ulio juu hauvuti kitu. Unakandamiza na kuburuta. Katika shati la tabaka mbili nyembamba tofauti hiyo haionekani, lakini ukiweka tabaka laini katikati, ya juu na ya chini huachana mwendo, ya juu ikabaki nyuma ya ya chini na kujilundika mbele ya mguu. Jambo la kwanza la kufanya ni kupunguza mkandamizo. Juu kabisa ya kichwa cha cherehani, mahali nondo ya mguu inapotokea, kuna skrubu ya duara ya kuzungusha kwa vidole. Ilegeze kidogo kidogo huku ukijaribu kwenye kipande cha tabaka tatu cha sentimita 30 kwa 30, hadi uone meno yanavuta bila mguu kuacha alama ya kuburuta. Hatua hiyo haina gharama, na katika kazi nyingi huondoa nusu ya tatizo.

Vitanzi vya chini, mara nyingi chanzo chake kiko juu. Inua mguu kwanza ndipo upitishe uzi, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani vya tensheni vimebanana na uzi haukai katikati yake. Kisha safisha hapo kwenye visahani, kwenye kikasha cha bobini na chini ya bamba la sindano, maana dakroni na uzi wa koni huacha vumbi jingi la nyuzi. Weka sindano mpya namba 90/14 yenye ncha kali, ya cherehani za nyumbani, yaani yenye shina lililobapa upande mmoja. Ile ya viwandani yenye shina la duara si yake, hata ikiingia. Kitenge kimefumwa kwa kubana sana, na sindano iliyokwisha ncha hukitafuna badala ya kukitoboa, uzi nao ukakatika. Urefu wa mshono uongeze hadi milimita 3.

Jambo la mwisho ni gurudumu. Likianza kinyume hata kwa nusu mzunguko, uzi hujisokota kwenye bobini na kukatika, kwa hiyo lianzishe kwa mkono kila mara kabla ya kukanyaga.

Bi_Mvita aliandika:

Mwanangu, fundi amesema kweli tupu, ila mimi nitakwambia kwamba kwilti hupona au huharibika sakafuni kabla haijafika kwenye cherehani. Nazungumzia bandi, yaani kuzishikiza tabaka kwa muda kabla ya kuzishona.

Fagia sakafu na uipige deki, uiache ikauke. Tandaza bitana, uso wake ukiwa chini, na uhakikishe inazidi upande wa juu kwa sentimita 10 kila upande. Ibandike sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote, ikazwe mpaka isiwe na mkunjo, lakini isivutwe, kwa kuwa ukiivuta itarudi utakapoibandua na hiyo mikunjo unayoilalamikia utaiona palepale. Juu yake weka tabaka la kati, ulipapase kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Kisha weka kitambaa cha juu kilichopigwa pasi. Hapo ndipo unapotia pini, zile za kufungia nepi, ukianzia katikati kwenda nje, na umbali kati ya pini na pini usizidi ngumi yako. Kwa kitanda cha futi sita utatumia pini mia tatu na zaidi, usizifanyie ubahili. Ikiwa huna pini nyingi hivyo, piga bandi kwa mkono kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mirefu ya vidole vinne, kwa mistari inayopita wima na mlalo.

Mishono ya cherehani nayo ianzie katikati. Kwanza pitisha mistari mikubwa inayogawa kwilti mapande manne, ndipo ujaze ndani. Ukianzia ukingoni unasukumia upepo na ziada ya kitambaa katikati, na ziada hiyo haina pa kutokea.

Kuhusu tabaka la kati, dakroni ya mito iondoe. Ile imetengenezwa kujaza, haikutengenezwa kutandazwa. Ikifuliwa hukimbilia pembeni na kuacha mabonde. Sufi nayo hufanya hivyohivyo. Kwa wateja wangu wa Mombasa, ambako joto halihitaji nyongeza, naweka shuka la flana peke yake, na kwilti inakuwa nyembamba, nzuri kwa kujifunika alfajiri. Kwa baridi ya Arusha ya mwezi wa saba, tafuta blanketi jembamba la flisi au la pamba kwenye mitumba, lisilo na viraka wala manyoya marefu. La pamba lifue kwa maji ya moto kabla ya kulitumia ili lirudi lote linalotaka kurudi. La flisi halirudi, lakini usilipitishie pasi kali.

Na vitenge umevifua? Kama bado, chukua vipande vya rangi nzito, hasa vyekundu na vya buluu iliyokoza, uviloweke kimoja kimoja kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kitambaa cheupe. Kitakachotia rangi cheupe kile, usikiweke kwenye kazi ya mteja. Vilevile tenga vya pamba na vya poliesta. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba huwaka na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukichanganya viwili hivyo katika mshono mmoja, pasi inayonyoosha kimoja itaunguza cha pili.

Mshonaji_Arusha aliandika:

Asante sana fundi, na shikamoo Bi Mvita. Nimelegeza skrubu ya mkandamizo, nimebadilisha sindano na kusafisha visahani. Vitanzi vimekwisha kabisa. Kusukumwa kumepungua, ila bado kupo kidogo kwenye mistari mirefu. Nimeshaitoa dakroni yote na nimepata blanketi la flisi.

Nina maswali mawili. Nimeona picha za mguu wa cherehani wenye meno yake. Je, unaingia kwenye cherehani yangu, na una thamani ya fedha zake? Na kile kisu cha gurudumu cha kukatia, ni cha lazima, au mkasi unatosha?

Mama_Louisville aliandika:

Habari zenu nyote kutoka Kentucky, Marekani. Niko kwenye kikundi cha akina mama wa hapa wanaoshona kwilti, na vifaa unavyoviulizia ninavitumia kila wiki, kwa hiyo nitaeleza ninavyoviona.

Ule mguu wenye meno ununue. Meno yake yanavuta kitambaa cha juu kwa mwendo uleule ambao meno ya chini yanavuta bitana, na kwa mistari iliyonyooka hakuna kifaa kingine kitakachokupa matokeo hayo kwa bei hiyo. Kama fedha zinatosha kifaa kimoja tu, uwe huo.

Kisu cha gurudumu kina faida yake, lakini si cha lazima. Kampuni ya Olfa ya Japani ndiyo iliyokitoa mwaka 1979, na kimebadilisha kabisa namna ya kukata vipande, kwa kuwa unaweza kukata tabaka nne au sita kwa mara moja na zote zikalingana. Hata hivyo hakifanyi kazi peke yake: kinahitaji mkeka wake maalumu, la sivyo wembe unakufa siku ya kwanza, na kinahitaji rula nene ya kukizuia. Wembe wa milimita 45 ndio unaofaa kazi nyingi. Rula huna haja ya kuagiza kutoka nje. Nenda kwa mafundi wa mabango, uwaombe wakukatie akriliki angavu ya milimita 3 au zaidi, upana wa sentimita 15 na urefu wa 60, uhakikishe kwa skwea kwamba pembe zake zimesimama. Na kisu hicho kifunge kila unapokiweka chini, hasa kama kuna watoto, maana kinakata kidole kwa wepesi uleule kinaokata kitenge.

Huku wengi hupeleka kwilti kwa mwenye mashine kubwa ya reli, ambayo kichwa chake hutembea juu ya kitambaa kilichotandazwa kwenye fremu. Usione unyonge kwa kukosa mashine hiyo. Hapa Kentucky, kwenye mji wa Paducah, hufanyika maonyesho makubwa ya kwilti, na kwa miaka mingi watu waliamini kwamba kwilti ya kweli ni ya kushonwa kwa mkono. Mwaka 1989 Caryl Bryer Fallert alichukua tuzo kuu ya maonyesho hayo kwa kwilti iliyoshonewa tabaka zake kwa cherehani, ya kwanza kupata tuzo hiyo, na mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Leo kazi ya cherehani inaheshimiwa kama nyingine yoyote.

Ushauri wangu wa mwisho unahusu ukubwa. Kusokota kwilti ya futi sita ili ipite upande wa kulia wa sindano ni mateso kwa mikono na mgongo. Gawa kazi katika mapande matatu ya futi mbili kwa sita, kila moja ulishonee tabaka zake, halafu uyaunganishe.

Bi_Mvita aliandika:

Hapo kwenye mapande matatu naafiki, kwa sharti moja: mishono yote ya kila pande iishie sentimita 4 kabla ya ukingo utakaounganishwa. Utaunganisha vitambaa vya juu kwa cherehani, utapunguza flisi ili kingo zake zigusane bila kupandana, kisha bitana utaikunja na kuishona kwa mkono, mshono wa kufichwa. Ukipandanisha flisi, kutakuwa na tuta refu linalomsumbua anayelala.

Fundi_Mitambo aliandika:

Nijibu kuhusu mguu kuingia. Omba wa shina fupi (shina ni kile kipande kinachofungwa kwenye nondo ya mguu), kwani cherehani za muundo huo ni za shina fupi. Una uma mdogo pembeni, na uma huo lazima ukae juu ya skrubu inayobana sindano, ili sindano inapopanda iuinue. Kama skrubu yako imebadilishwa na iliyowekwa ni fupi, uma utateleza na mguu utakuwa unaburuta kama wa kawaida. Ukienda dukani, nenda na skrubu yako mkononi, uipime pale pale. Ukiufunga nyumbani, zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuweka kitambaa, uangalie sindano isiguse chuma popote.

Mshonaji_Arusha aliandika:

Nimeelewa. Jumamosi naenda kuutafuta nikiwa na skrubu, na pande la kwanza nitalitia pini Jumapili baada ya ibada. Nikilimaliza nitaweka picha ya upande wa bitana, kwa kuwa ndiko makosa yanakoonekana.