Kodi ya nyumba imepanda tena, na sasa tunaambiwa tuwalaumu wakimbizi

Wakenya wenzangu, leo sina salamu ndefu. Wakala wa ploti yetu hapa Kayole, Nairobi, amebandika karatasi kwenye geti: kuanzia mwezi ujao, chumba kimoja na jikoni kinatoka 8,500 hadi 10,000. Sababu hakuandika. Maji bado yanakuja kwa zamu, taa ya ngazi iliungua kitambo, na choo cha ghorofa ya tatu kinavujia ukuta wa jirani yangu mpaka rangi imebanduka. Tulipomkabili, alitujibu bila hata kupepesa macho: "Kama hamwezi hameni, Wakongo wanalipa bila kelele."

Basi ikawa ametuwashia moto na kuondoka. Jioni ile kundi la WhatsApp la ploti lilijaa matusi. Wageni wamejaza nyumba. Wageni wanapandisha kodi. Warudishwe kambini Kakuma. Kuna na mwanasiasa anayewinda kiti cha 2027 aliyekuwa ameshasema hayo hayo hapa mtaani, watu wakampigia makofi. Nina hasira kama nyinyi, tena zaidi. Ila hasira hiyo mnaipeleka kwenye mlango usio wake.

Tuzungumze pesa. Mshahara wangu kabla ya makato ni 40,000. Kila mwezi nakatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, yaani 600, na mwajiri anaongeza 600 zake. Hiyo ni 1,200 kila mwezi inayotoka kwa jasho langu kwenda kujenga nyumba, na mimi ni mpangaji yuleyule. SHIF, ile bima ya afya, nayo inachukua asilimia 2.75, yaani 1,100 nyingine.

Makato haya ya nyumba yaliletwa na Sheria ya Fedha ya 2023, ile ile iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na nauli na unga vikafuata. Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema makato hayo yanakiuka Katiba, kwa sababu yanambagua mwenye mshahara na kumwacha asiye na mshahara. Mtu mwingine angeona aibu. Serikali yetu ilitunga sheria mpya, Rais akaitia sahihi Machi 2024, makato yakarudi, na safari hii hata mama mboga akatiwa ndani. Ndiyo usawa waliotupa huo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Sheria hiyo hiyo ya 2023, iliyotukamua sisi, iliwapunguzia malandilodi. Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba ulishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Walisema ni kuwavutia walipe kwa hiari. Sawa. Nionyeshe mpangaji mmoja Nairobi hii ambaye kodi yake ilishuka Januari ile. Mmoja tu. Mpangaji akatwe asilimia 1.5 mpya, mwenye nyumba asamehewe 2.5, halafu mkikaa kwenye ngazi jioni mnamjadili mama aliyetoka Bukavu, Kongo?

Na huyo mama namjua, tumepakana ukuta. Anashona vitenge, cherehani yake huisikia mpaka usiku. Wakala anamtoza 11,000 kwa chumba sawa na hiki changu cha 8,500, na alipoingia alidaiwa dipositi ya miezi miwili. Nilipomuuliza mbona anakubali, alinijibu kwa Kiswahili chake: "Nitamushitaki wapi, kaka? Polisi wakikuya, wa kwanza ni miye." Hizo ndizo "bila kelele" alizokuwa anajisifia wakala. Anamkamua asiyeweza kulalamika, kisha anatumia bei hiyo kututisha sisi.

Mnasema serikali iwarudishe. Serikali gani? Ile iliyotangaza mwaka 2021 kwamba Dadaab na Kakuma zitakuwa zimefungwa kufikia Juni 2022, na Juni ikapita? Mwaka huo huo wa 2021 ikapitisha Sheria ya Wakimbizi inayowaruhusu kufanya kazi. Machi 2025 ikazindua Mpango wa Shirika, eti kambi zigeuke miji na wenyeji na wageni watumie huduma pamoja. Kwenye karatasi ni mpango mzuri, sikatai. Lakini miezi michache baadaye mgao wa chakula Kakuma ulikuwa umekatwa vibaya kwa sababu wafadhili, Marekani wakiwa mbele, walifunga mifuko, na Julai watu wakaandamana kwa njaa. Mtu akikosa chakula kambini ataketi pale asubiri mji ujengwe? Atapanda basi aje akae kwa binamu yake Kayole, sita kwenye chumba kimoja. Hata mimi ningekuja.

Tena si wao peke yao waliosongamana huku. Mmesahau mafuriko ya 2024? Tingatinga ziliingia Mathare na Mukuru kubomoa nyumba za kando ya mto. Waliobomolewa hawakupaa mbinguni, walikuja kutafuta vyumba mitaa kama yetu. Rais aliwaahidi 10,000 kila familia. Hiyo ni kodi ya mwezi mmoja kwa chumba changu kuanzia mwezi ujao, dipositi haijaguswa.

Nyumba zimejengwa, nikiri. Mei 2025 Rais alikabidhi funguo za nyumba 1,080 kule Mukuru, na waliozipata wana maji ndani na choo chao wenyewe, Mungu awabariki. Lakini ahadi ya kampeni ilikuwa nyumba 250,000 kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe.

Kuna jambo ambalo lingetusaidia bila kuchimba msingi hata mmoja. Sheria inayomlinda mpangaji asipandishiwe kodi kiholela ipo, na jopo la kusikiliza kesi lipo. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi! Kiwango hicho kina zaidi ya miaka arobaini. Nairobi ya leo 2,500 inakupa chumba cha mabati, choo mtumie watu ishirini. Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021 ulifika bungeni, na Bunge lile likamaliza muda wake bila kutupa sheria. Kukata mishahara kulichukua miezi michache. Kubadilisha tarakimu moja imewashinda, labda kwa sababu wengi wanaoketi mle ni malandilodi pia.

Wabunge wa Nairobi, nawauliza: mnaipandisha lini hiyo 2,500?

Na kama kuna mtu humu aliyewahi kumpeleka wakala mbele ya jopo hilo kwa nyumba ya kodi kubwa kuliko hiyo, na hakurudishwa mlangoni, aandike alifanyaje. Sisi kwenye ploti tumekubaliana wanane hatutoi nyongeza mwezi huu, na yule mama wa vitenge ni mmoja wetu. Wewe uliyekuja kuandika "waende kwao", nijibu kwanza kuhusu ile asilimia 7.5.